Chuo Alichokichagua Binti Yangu Haraka Mno

Binti yetu alikuwa amemaliza mitihani ya kidato cha sita na yuko nyumbani Mhezi, kijiji chetu cha milimani, akisubiri matokeo, pale shemeji yangu alipopanda kutoka Same na karatasi ya bluu mfukoni. Shemeji huyu ni mdogo wake mume wangu. Ana duka la vifaa vya ujenzi mjini, na kwa kawaida huja milimani kwa misiba na Krismasi tu. Siku hiyo hapakuwa na msiba.

"Nimewaletea bahati," alisema, akaiweka ile karatasi mezani. "Chuo cha uhandisi. Kipo hapahapa Same, kando ya lami. Umeme, ujenzi, mitambo, vyote. Mtoto anasoma, mwisho wa wiki yuko nyumbani."

Mimi ni muuguzi wa zahanati, na nimezoea kusoma kila kitu mpaka chini, kwenye maandishi madogo. Ile karatasi nayo niliisoma hivyo. Juu kulikuwa na picha ya vijana wenye kofia ngumu wakicheka. Katikati kulikuwa na maneno makubwa, ambayo shemeji aliyasoma kwa sauti: "Mazingira rafiki, walimu mahiri." Chini kabisa, kwa herufi ndogo kuliko zote, waliandika kwamba usajili wa baadhi ya kozi uko kwenye mchakato.

"Baadhi ya kozi ni zipi?" nikamuuliza.

"Shemeji, nawe! Mchakato ni karatasi tu. Serikali huchelewa, unaijua."

Nikamtazama mume wangu nikitegemea naye aulize kitu. Yeye aliichukua ile karatasi, akaishika mbali kidogo, akaikunja. "Mimi naona ni chuo kizuri," akasema.

Kilichonishtua hasa ni binti yetu. Huyu ni mtoto ambaye tangu akiwa mdogo hakubali jambo bila maswali. Mashine ya kusaga ya jirani ilipofungwa, alikaa pale siku nzima akimuuliza fundi kila waya unakwenda wapi. Alikuwa na daftari lenye majina ya vyuo vya Moshi, Arusha na Dar es Salaam, na kozi za maji na ujenzi alizozipigia mstari. Lakini shemeji alipomgeukia na kumuuliza anaonaje, alijibu papo hapo, bila hata kuitazama karatasi:

"Nitaenda hapo, baba mdogo."

Tangu dakika hiyo sikuwa na amani. Nilijua kuna jambo, na kwa kuwa nililijua nusu, ile nusu nyingine nikaijaza mwenyewe. Nilimshuku shemeji kwanza, kwamba kuna kitu anachopata kwa kila mwanafunzi anayempeleka. Kisha nikamshuku binti yangu. Msichana wa umri ule anapoacha vyuo alivyoviota miaka miwili na kutaka kukaa Same, mama hufikiria jambo moja. Nikaanza kuangalia anaongea na nani kwenye simu. Alipokuwa akitoka kwenda ndiva, bwawa letu dogo linalohifadhi maji ya mfereji, nilihesabu muda aliochukua. Baba yake alikuwa ameanza kumtuma huko karibu kila asubuhi zamu yetu ya maji ilipofika, kazi ambayo miaka yote aliifanya mwenyewe. Niliona ni njia yake ya kumlea mtoto. Baadaye nikaona ni nafasi ya mtoto kukutana na mtu.

Siku moja, aibu ikinijaa mwili mzima, nililifungua lile daftari lake. Sikukuta jina la mvulana. Nilikuta majina ya vyuo yote yamefutwa kwa mstari mmoja mnyoofu, kama mtu aliyetumia rula. Kando ya kila jina alikuwa ameandika saa za safari kutoka nyumbani. Chuo cha Same tu hakikufutwa.

Nikalirudisha daftari mahali pake, nikamwambia: "Kesho tunashuka Same. Chuo hicho nataka kukiona kwa macho yangu."

"Hakuna haja, mama. Baba mdogo amekiona."

"Ndiyo maana nataka kukiona."

Tulishuka na gari la alfajiri. Njia nzima aliangalia dirishani, mimi nikimwangalia yeye. Chuo kilikuwa jengo la ghorofa moja lililopakwa rangi upya upande wa barabarani tu. Dada wa mapokezi alitukaribisha kwa soda na maneno mazuri. Nilipouliza kuhusu usajili, alisema mkuu wa chuo ndiye anayejua, na mkuu amesafiri. Nilipouliza karakana, alisema mwenye ufunguo ametoka kidogo.

"Tutamsubiri," nikasema. "Leo sina zamu."

Tulikaa pale mpaka soda zikaisha na yule dada akaanza kutukwepa macho. Hatimaye alitoka mwalimu mmoja mwenye umri wa makamo, mikono yake ina makovu ya mtu aliyefanya kazi na vyuma. Binti yangu akasimama. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mnataka karakana? Twendeni."

Karakana ilikuwa chumba kikubwa, safi kupita kiasi. Katikati palikuwa na mashine ya kukereza vyuma, kubwa na nzuri, imepakwa rangi ya kijani. Binti yangu aliizunguka mara moja, akainama, akatazama nyuma yake. Kisha akatoka nje. Nilimfuata nikamkuta amesimama uani anatazama nguzo ya umeme.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

"Mama, mashine ile inataka umeme wa fezi tatu, wa nyaya nne, kama wa mashine ya kusaga. Hapa nyaya zinazoingia ni mbili tu. Haijawahi kuwashwa hapa, na kwa umeme huu haitawaka."

Yule mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, alisikia kila neno. Nilitegemea aje juu. Badala yake alishuka ngazi, akaongea kwa sauti ya chini.

"Umesoma wapi habari za fezi, binti?"

"Sijasoma. Niliuliza fundi kijijini."

Akatikisa kichwa polepole. Akanigeukia mimi. "Mama, tumeahidiwa umeme huo tangu nilipoajiriwa hapa. Mimi nafundisha ubaoni. Nina watoto wa kulisha, kwa hiyo sitasema zaidi. Lakini huyu angekuwa wangu, nisingemleta hapa. Kozi ya uhandisi bado haijasajiliwa."

Nilimshukuru. Hata yeye nilimshuku kidogo, kwamba labda ana ugomvi na mwajiri wake. Lakini nguzo ile haikuwa na ugomvi na mtu, na nyaya zake zilikuwa mbili.

Tulipokuwa tukisubiri gari la kurudi, tumekaa kwenye benchi la mama muuza maandazi, nilimwambia binti yangu kwamba basi, suala limekwisha. Akasema, "Mimi nitaenda hapohapo."

"Umeona mwenyewe hawana kitu!"

"Nimeona."

"Kuna mvulana?"

Aliniangalia kama mtu aliyepigwa kofi. Machozi yakaanza kumtoka, na huyu si mtoto wa kulia ovyo. "Mama, nimekaa na neno hili mwezi mzima. Niliapa sitasema. Muulize baba."

Gari likafika, akapanda akakaa kiti cha mbali nami.

Kesho yake mchana, binti akiwa ameenda kwa bibi yake, nilimkuta mume wangu amekaa barazani akichambua maharage. Nilisimama nikamtazama. Alikuwa hatazami ungo. Vidole vyake ndivyo vilivyokuwa vikitafuta mawe. Jambo lile nimeliona kwa wagonjwa wangu mara nyingi, nyumbani kwangu nikalipita kila siku.

Nilichofanya baada ya hapo si kitu ninachojivunia. Niliingia ndani, nikatoa tangazo la chanjo la zahanati lililokuwa na rangi ya bluu kama ile ya chuo. Nikampa. "Shika karatasi ya chuo. Nisomee pale wanaposema kuhusu walimu."

Alilishika mbali, akaligeuza kidogo kwenye mwanga. "Mazingira rafiki," akasoma, "walimu mahiri."

Lile tangazo lilikuwa na picha ya mtoto mchanga.

Nilikaa chini kando yake. Nikamwambia ni tangazo la chanjo, naye akaelewa. Akaliweka tangazo juu ya maharage.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Mwaka wa pili huu. Mwanzo ilikuwa kama moshi. Mwezi uliopita nilipoteleza ukutani mwa ndiva, mtoto alikuwapo. Alinivuta mkono. Ndipo alipojua."

"Na mimi je? Mimi muuguzi!"

"Ndiyo hasa. Ningekuambia, siku hiyohiyo ningekuwa mgonjwa. Baba yangu alipopofuka, tulimshika mkono miaka tisa. Nilikuwa mdogo, nilichoka naye, na yeye alijua nimechoka naye. Nilitaka nipate muda kidogo kabla ya hayo." Akafuta vidole kwenye suruali. "Nilimwambia mtoto atafute chuo cha karibu. Anisomee, anifungulie maji. Nilijua ni kosa wakati namwambia."

"Na mdogo wako?"

"Yeye nilimwambia tu kwamba nataka chuo cha karibu. Sababu sikumwambia."

Nilimshika kidevu nikamgeuzia uso kwenye jua. Katikati ya mboni zote mbili palikuwa na weupe, kama maziwa yaliyomwagwa kwenye maji. Mtoto wa jicho. Kitu ambacho nimewaandikia rufaa watu wa kijiji kizima.

Nilikasirika, nikalia, nikamwandikia rufaa yeye pia. Wiki mbili baadaye tulikuwa hospitali Moshi. Jicho la kulia lilirudi vizuri. La kushoto daktari alisema lilikuwa na ugonjwa mwingine nyuma yake, uliokaa muda mrefu mno. Hakuuliza kwa nini tulichelewa, na mimi sikumweleza.

Bandeji ilipotolewa, baba alimwita binti yake akamwambia mbele yangu: "Lile nililokuomba, nimelifuta. Chagua upya."

Binti yetu hakuruka kwa furaha kama nilivyodhani. Alikaa siku tatu bila kuligusa daftari. Nafikiri alikuwa amekwisha kuizoea ile sadaka ya kubaki kwa ajili ya baba yake, na kuiacha nako kulimuuma. Siku ya nne alikuja na orodha mpya. Dar es Salaam haikuwamo. Alichagua chuo cha serikali Arusha, uhandisi wa ujenzi na umwagiliaji, mwendo wa nusu siku kutoka nyumbani. Usajili wake tuliutafuta wote watatu kwenye orodha rasmi, baba yake akisoma kwa sauti kwa jicho moja.

Shemeji nilimweleza yote. Aliapa kwamba naye alidanganywa na rangi ya ukutani. Huenda ni kweli. Lakini baadaye nilisikia amewapeleka pale watoto wa jamaa wawili wa kijiji cha Bombo, na nilipomuuliza, alibadilisha mazungumzo. Sasa tunasalimiana vizuri. Zaidi ya hapo sijui nimwamini kwa lipi.

Mwaka huu binti yuko mwaka wa pili. Mafunzo kwa vitendo aliomba kuyafanyia Bendera, kule tambarare chini ya milima yetu, kwenye mifereji ya mpunga. Mwanzo nilijiuliza kwa nini achague karibu tena, na kama baba yake amemwomba kitu kingine kwa siri. Juzi alipanda kutusalimia, vumbi mpaka kwenye nyusi, viatu vimepasuka. Alikula sahani mbili za kishumba cha bibi yake, chakula chetu cha kimila huku milimani, akajinyoosha kwenye mkeka. Nikamuuliza taratibu kama kuna jambo analonificha.

"Mama," akasema macho yamefumbwa, "Bendera ndiko kuna mifereji. Niache nilale."

Nikamfunika kanga, nikaenda kuosha vyombo.