Natafuta coffee shop ya kufanyia kazi Newala: nilichokutana nacho kwa fundi cherehani

Wakuu, salaam kwenu popote mlipo.

Kuna mdau juzi aliuliza humu coffee shop gani za Dar zina kahawa ya maana, umeme wa uhakika na utulivu wa kufanyia kazi. Nikasoma majibu yenu yote nikitabasamu peke yangu. Mimi swali hilo hilo nililiuliza nikiwa Newala.

Ndiyo, Newala hii hii, juu ya uwanda wa Makonde. Nawasimulia kama ilivyokuwa, chumvi sijatia. Mwenyeji wa huku akiona nimekosea mahali anisahihishe.

Iko hivi. Mimi nafundisha Kiswahili online. Wanafunzi wangu ni wageni walioko nchi mbalimbali, na kampuni inayotuunganisha ipo nje. Nikiwa Dar maisha yalikuwa matamu sana. Asubuhi nabeba laptop, naingia coffee shop moja tulivu, naagiza kahawa iliyochujwa taratibu, nafundisha mpaka mchana. Kahawa naipenda kuliko kawaida, wakuu. Wife huwa ananiambia ningeweza kuioa.

Wife ni nesi. Akapangiwa Newala.

Nikamwambia twende wote, kazi yangu naibeba kwenye begi. Tukafunga mizigo pamoja na binti yetu mdogo, tukaenda.

Nyumba tuliyopata ni nzuri, ila ukuta kwa ukuta na mashine ya kusaga. Aliyewahi kukaa jirani na mashine ya kusaga anajua ninachosema. Ikiwashwa hata vikombe kabatini vinatetemeka. Wanafunzi wakaanza kulalamika. Mmoja aliuliza kwa upole kabisa kama naishi kwenye uwanja wa ndege.

Kampuni wakaniandikia: msimamizi atakaa ndani ya darasa langu moja, asikilize. Kelele zikiendelea, naondolewa.

Siku ile wife hakula. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Sasa Baba Tumaini, ina maana utarudi Dar utuache huku?"

Nikamwambia nitatafuta mahali huku huku.

Nikaanza msako. Kwanza nikashuka Masasi, maana ndiko mjini zaidi. Nikaingia lodge moja yenye mgahawa, nikaagiza kahawa. Dada akaniletea chupa ya maji ya moto na paketi ya kahawa ya unga, akaniwekea na televisheni kwa sauti ya juu ili nisiboreke. Ukarimu wa kweli kabisa, nikashindwa hata kumwambia apunguze.

Kesho yake nikahamia kijiwe cha kahawa karibu na sokoni. Hapo sasa kahawa ilikuwepo! Kali, ya moto, imetiwa tangawizi, na kashata pembeni. Nikafungua laptop nimalizie somo na kijana mmoja wa Ujerumani. Kufumba na kufumbua wazee wote wa kijiweni wako nyuma ya mabega yangu.

"Huyu mzungu anasema nini?"

"Anasema yeye 'ni mwenye njaa'."

"Basi mwambie aseme 'nina njaa'. Na mpe kashata!"

Kijana wa watu alicheka mpaka akavua miwani. Mimi pia nilicheka, lakini ningeweza kumketisha msimamizi pale? Haiwezekani. Nikapanda gari nikarudi Newala nimenyong'onyea.

Sasa sikilizeni.

Wife alinituma nipeleke kitenge kwa fundi wake, mama mmoja anaitwa Mama Somoe. Ni mjane, mtu mzima, mzaliwa wa Mnyambe. Nyumba yake iko upande wa mji ambako uwanda unakatika ghafla, unaliona bonde la Ruvuma lote chini na Msumbiji ng'ambo.

Sijafika mlangoni nikasimama. Pua yangu ilikuwa imeshika kitu.

Nikapiga hodi. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye mume wa sista Neema, yule anayeongea peke yake ndani?"

Kumbe ndivyo nilivyojulikana mtaani, wakuu. Mume wa sista anayeongea peke yake ndani!

Nikamweleza kazi yangu. Halafu sikuweza kujizuia. "Mama, hapa kuna mtu anakaanga kahawa?"

Akacheka. "Ni mimi. Lakini siuzi, nakunywa na kaka yangu tu."

Marehemu mumewe alifanya kazi miaka mingi kwenye kahawa kule Mbinga, na binti yao Somoe ameolewa huko huko. Kila msimu binti humtumia mama yake mfuko wa kahawa mbichi. Mama anaikaanga kwenye chungu, anaitwanga kwenye kinu, anaichuja kwa kitambaa.

Akanimiminia kikombe.

Wakuu, nimekunywa kahawa kwenye coffee shop za viyoyozi, zenye ubao wa kueleza kahawa imetoka mlima gani. Ile ya Mama Somoe haikuwa imeungua kuwa nyeusi kama ya kijiweni. Ilikuwa na rangi ya chai nzito, ina uchachu wa mbali kama ukwaju, ukimeza unabaki na utamu kama asali. Nikakikodolea kikombe macho. Mama akadhani imenikera.

"Haijakolea?"

"Mama," nikamwambia, "naomba nije kufanyia kazi hapa."

Aliniangalia, akaangalia barabarani. Nikamwelewa. Yeye ni mjane, mimi ni mume wa mtu, halafu nishinde nyumbani kwake kila asubuhi? Mji wenyewe ndio huu.

Mwisho akasema: "Utakaa baraza ya nyuma na kaka yangu Mzee Mchopa, anakobangulia korosho. Na kwanza sista aje mwenyewe aniambie."

Wife alikwenda jioni ile ile. Walivyoongea sijui, ila alirudi amebeba pakacha la mihogo na anaimba.

Nikahamia baraza ya nyuma. Upepo wa huko ni baridi safi, mtandao umejaa. Ila tahadhari kwa wadau: ukikaa ukingoni pale simu inadaka mtandao wa Msumbiji, halafu saa inajirudisha nyuma yenyewe! Siku ya kwanza nilimchelewesha mwanafunzi nikidhani bado nina muda wa kuongeza kikombe. Nikaizuia simu isidake tena mtandao wa Msumbiji, saa nikaiweka kwa mkono.

Mzee Mchopa si mtu wa maneno mengi. Anagonga korosho zake, nikianza darasa anaacha, anafumba macho. Mwanzoni nilidhani analala. Siku moja nikamaliza akaniambia, "Yule mama wa leo anaendelea vizuri." Kumbe anawafuatilia wote.

Siku ya ukaguzi ikafika.

Mwanafunzi alikuwa Hanna, dada kutoka Finland, mpole na mwoga wa kuongea. Msimamizi akaingia, akazima kamera yake, nikabaki naona jina tu. Tukaanza vizuri.

Mara wingu likaja kutoka Ruvuma. Nyie mnaijua mvua ya masika kwenye bati? Ilianza kama kokoto, ikawa ngoma. Namuona Hanna midomo inacheza, simsikii. Nikapiga kelele "Samahani!" na yeye hanisikii. Kichwani nikaona gari la Dar, na Tumaini amebebwa na mama yake ananipungia.

Mama Somoe akatokea mlangoni, akaona uso wangu. Hakuuliza. Akanyoosha mkono kule uani.

"Jikoni! Jikoni kumeezekwa nyasi, hakuna kelele!"

Akaifunika laptop kwa kile kitenge cha wife, Mzee Mchopa akatangulia na ungo kichwani kama mwavuli, tukakimbia. Hanna huko anaona giza na maua ya kitenge tu.

Tukaingia. Wakuu, kimya! Nyasi zilikuwa zinaimeza mvua yote, unasikia mlio laini tu kwa mbali. Nikafunua laptop, natweta, nimelowa. Nyuma yangu kuna moto, chungu, na kahawa iko katikati ya kukaangwa.

Kabla sijaomba radhi, Hanna akasogea kwenye kamera. Kwa Kiswahili chake, bila kuulizwa, akasema:

"Mwalimu... huyo mama anapika nini?"

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniuliza swali tangu tuanze.

Nikamgeukia Mama Somoe. Akajifuta mikono, akainama kwenye kioo kama anamwangalia mtoto kitandani. "Sipiki, mwanangu. Nakaanga kahawa. Sema: nakaanga."

"Nakaanga."

"Mimi ndiye ninayekaanga. Wewe huna chungu."

Hanna akafikiri. Kisha: "Mama anakaanga. Mimi... natamani!"

Mama Somoe akapiga kigelegele, Mzee Mchopa akapiga makofi. Basi, somo langu nililoliandaa likaishia hapo. Tukatwanga, tukachekecha, tukachuja, na kila tendo Hanna analisema. Alicheka, alikosea, akarudia. Yule mwoga hakuonekana tena.

Mwishoni kamera ya msimamizi ikawaka. Mama wa makamo, ana miwani, anafuta macho. Akauliza kwa Kiingereza swali moja tu: je, darasa hili la jikoni linaweza kuwa la kila wiki?

Nikamtafsiria Mama Somoe. Akaninong'oneza, "Mwambie aje na yeye, ila asizime uso. Mgeni haji kwa watu amejifunika."

Nilimtafsiria hivyo hivyo. Hajazima tena mpaka leo.

Sasa hivi Mama Somoe anauza kahawa waziwazi. Cherehani iko mbele, meza nyuma, na walimu wa sekondari huja kusahihisha mitihani pale. Darasa la jikoni ni kila Jumanne, na malipo nagawana naye, yeye ni mwalimu kama mimi.

Nilichojifunza: nilizunguka nikitafuta soketi na mtandao, kumbe nilihitaji kwanza watu wa kunipokea. Mahali pa kazi panajengwa na wenye nyumba.

Mwezi uliopita nesi mmoja wa Dar alimpigia wife, anataka wabadilishane vituo. Kwao ni huku, anatamani kurudi. Wife akaweka simu chini, akanigeukia. "Baba Tumaini, si ulikuwa unaililia Dar?"

Nikamwambia, "Mwambie atafute mtu mwingine. Jumanne tunatwanga."

Haya wadau wa Mtwara, Lindi, Tunduru na kwingineko: kwenu mnakaa wapi na laptop zenu, na nani anawachujia? Mwageni hapa chini, tuwajue hao akina mama.