Maji Yalipogeuka Kijani

Juzi, kwenye duka la samaki wa mapambo pale Ukunda, nilimwona muuzaji akidondosha dawa ndani ya kichupa cha maji, nami nikajikuta Msambweni, mtoto tena.

Mjomba alikuwa ameleta tangi jipya la kioo, na chumba kizima kilinukia gundi na udi wa bibi. Samaki watatu walisubiri ndooni. Mjomba alichota maji ya tangi kichupani, akatia matone ya dawa, akasema, "Mwanaisha, rangi ndiyo itakayotuambia kama maji yanafaa." Kisha akaenda kuswali alasiri.

Maji ya kichupani yaligeuka kijani, kama jani changa la mgomba. Niliona hiyo ni rangi ya uhai, nikawatia samaki tangini. Walipanda juu wakifumbua na kufumba vinywa, nami nikawaimbia, nikidhani wananiitikia. Kumbe kijani kile kilikuwa alama ya sumu, nao walikuwa wakihema.

Mjomba aliporudi aliwarudisha ndooni upesi. "Ulikuwa ukifanya nini, mwanangu?"

"Tulikuwa tukiimba, mjomba."

Hakunigombeza. Wawili walipona. Wa tatu tulimzika pamoja, na sikumwambia mjomba kwamba huyo ndiye aliyekuwa akiitikia vizuri kuliko wenzake.