Mwekezaji wa Mapanki

Mama mkwe wangu alikuwa akikaanga mapanki pale Kirumba, karibu na soko la samaki, na mimi, bibi harusi wa juzi, nilipewa kazi ya kuchochea moto. Mapanki ni kichwa na mifupa ya sangara. Minofu ilikwisha kupanda ndege kwenda Ulaya. Nilizipenda asubuhi zile, niseme ukweli, ingawa nilinuka samaki hata kanisani.

Kila siku tulidaiwa ushuru, na aliyeshindwa kulipa alinyang'anywa nafasi. Msimu ule samaki waliadimika, mafuta yakapanda bei, na mama mkwe akawa anaitazama meza yake kama mtu anayeaga. Kiwanda kilichotuuzia mapanki hakikuwa na wasiwasi huo. Ilikuwa enzi ya soko huria, na mwekezaji mpya alisamehewa kodi kwa miaka kadhaa ili apate kusimama. Miaka ile ilipokwisha, tukaona mafundi wamepanda ngazi getini, wanafuta jina la zamani na kuandika jingine. Mlinzi akatueleza huku akicheka kwamba sasa ni kampuni mpya, na msamaha unaanza upya.

Mama mkwe hakucheka. Alinunua rangi ya bluu, akaipaka meza, akaniamuru niandike kibao chenye jina jipya la biashara. Kisha akajifunga kitenge cha sikukuu, tukaenda kwa bwana ushuru, ofisini kwake pembeni ya soko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kujiandikisha. Mimi ni mwekezaji mpya."

Bwana ushuru alichungulia dirishani, akaiona meza inang'aa. "Mama, si ni wewe yule yule?"

"Na mashine za kule kiwandani, si zile zile?"

Niliona aibu na fahari kwa pamoja. Yule bwana akakuna kichwa.

"Kule mimi sifiki, mama. Wale wanasamehewa huko juu. Mfagiaji wa soko, maji ya bomba, gari la taka, vyote mnalipia ninyi. Nikikuachia wewe, kesho soko zima litapaka rangi."

Alichoweza ni kumruhusu alipe kidogo kidogo mpaka samaki warudi. Nilidhani tumeshindwa, lakini mama mkwe alirudi ana furaha.

"Kumbe soko hili ni letu, mkwe wangu," aliniambia njiani.

Alilipa kwa kujibana, na meza haikuchukuliwa. Samaki waliporudi, gari la kiwanda likaja kuegesha mbele yetu, likawazibia wateja njia. Dereva akasema bosi ndiye aliyeagiza, na bosi mwenyewe alikuwa ndani. Mama mkwe alipangusa mikono, akagonga kioo.

"Baba, hapa pamelipiwa," alisema kwa upole. "Wewe umelipia wapi?"

Bosi akamwashiria dereva arudi nyuma. Gari likaanza kurudi kinyumenyume, na mama mkwe akasimama katikati ya njia, akiliongoza kwa mkono mpaka likafika barabarani.