Siku Tuliyomsifu Bibi Harusi kwa Kutulia

Mwanangu, siku aliyopambwa mamako Saumu, mdogo wangu, haijanitoka mpaka leo. Na kesho ni zamu yako, basi keti unisikize.

Wajua bibi harusi wetu anavyokalishwa: macho kafumba, uso kainamisha, hatikisiki hata nzi amtue puani. Mamako hakutia kitu tumboni tangu alfajiri, eti bibi harusi hali. Dhahabu shingoni, shela zito, chumba kimejaa wanawake, na joto lile la kaskazi walijua! Mimi nilikuwa ubavuni kwake, nampepea.

"Mashallah, katulia huyo!" wakasema, vigelegele vikapanda. Nami nikajivuna, dada mtu. Nikamshika mkono nimtengeneze pete. Lahaula! Mkono baridi, umelowa jasho. Nikafunua shela, midomo haina damu. Mtoto kazimia, na sisi twamsifu!

Nikapiga ukelele. Somo wake, yule mama aliyemfunda mambo ya unyumba, akamdaka mabega. "Mshikeni akae! Akilazwa hapa watu watasema ana pepo." Wakamkamata watatu, wakamkalisha wima. Mara mikono ikaanza kurukaruka, macho yakageuka. "Pepo huyo! Leteni ubani!" wanawake wakapiga kelele. Wallahi, nilijua namzika mdogo wangu na hina mkononi.

Shangazi yetu Mwanaidi, aliyekuwa muuguzi, akaja akiwasukuma watu kwa viwiko. "Mlazeni chini! Mwataka kumuua?" Akamlaza mkekani, akamlegeza nguo, akampandisha miguu juu ya mito. Punde si punde mamako akafumbua macho. "Kwani nimelala?" akauliza. Nililia mbele za watu wote.

Shangazi akawageukia kwa hasira. "Kuna mshipa wa fahamu uitwao vagasi," akasema. "Watoka ubongoni, wapita shingoni, hadi moyoni na tumboni. Kazi yake ni kuutuliza mwili. Lakini njaa, joto na hofu vikikutana, waweza kutuliza kupita kiasi. Moyo hupunguza mapigo, damu hushuka miguuni, kichwa hukosa. Mtu akilazwa, damu humrudia kichwani. Nyinyi mwamkalisha!"

Basi kesho, mwanangu, kula, na maji unywe. Ukiona kiwi cha macho na jasho baridi, sema, ulale hapo hapo na dhahabu zako. Hofu ikikushika, vuta pumzi taratibu na uitoe taratibu zaidi. Mshipa huo huo utakutuliza. Na azimiaye asiamke upesi, au azimiaye mara kwa mara, apelekwe hospitali, si kwa mganga.

Mamako hajakwambia haya kwa sababu mpaka leo aona haya. Mimi sioni. Karibu tumuue kwa kuogopa maneno ya watu. Mola akujaalie nyumba yenye amani, mwanangu, na siku utakayoanguka akupe mtu wa kukulaza chini watu wote wakitazama.