Kila Jumamosi Marehemu Aliitikia Jina Lake

Harith tulimzika Siyu mwezi wa Januari. Jumamosi ya pili baada ya mazishi, akaingia kwenye mkutano wa klabu.

Sijakosea kuandika. Soma tena ukitaka.

Mimi naitwa Zamzam, mtu wa mtaa wa Langoni, kisiwani Amu. Wakati huo nilikuwa katibu wa klabu ya teknolojia ya chuo chetu. Msidhani walinipa ukatibu kwa ajili ya mwandiko. Walinipa kwa sababu mdomo wangu hauna breki na watu waliogopa kuchelewa.

Tawi letu la chuo ni dogo na wanafunzi wametawanyika visiwani. Kwa hiyo kila Jumamosi baada ya Alasiri tulikutana mtandaoni. Naita majina, kila mmoja anaitikia "nipo", kisha kazi inaanza.

Na kazi ilikuwepo kweli. Haikuwa klabu ya kuvaa fulana na kupiga picha.

Mwaka ule tuliwafundisha akina mama wa mtaani kuwakwepa matapeli wa simu. Tulifufua kompyuta mbovu za shule moja ya msingi, nyingine zilikuwa na viota vya mijusi ndani. Tulijifunza kuandika wasifu, kuandika programu, kujibu maswali ya usaili bila kutetemeka.

Kilichotupa moto kilikuwa kimoja. Kampuni fulani ya Mombasa iliahidi kwamba watano watakaomaliza masomo yote ya mwaka kwa alama za juu wataitwa kwenye usaili. Ukipita, unapata kazi ya mkataba, na unaifanyia nyumbani kwako.

Kazi ya kufanyia nyumbani, ukiwa Amu! Mnaelewa maana yake?

Kaka zangu wote walishahamia Mombasa. Mama alikuwa amebaki na mimi tu. Nikiipata kazi ile, sihami. Nikiikosa, na mimi nafunga begi kama wenzangu. Niliitaka hadi nikawa naiota.

Sasa turudi kwa Harith.

Harith alikuwa makamu mwenyekiti wetu. Mpole, mcheshi wa chinichini, na mgonjwa wa pumu tangu utotoni. Likizo ya Desemba alioa kwao Siyu, tukaenda tukala biriani yake. Mwaka mpya haujapoa, pumu ikamkaba alfajiri moja. Hawakuwahi kumfikisha hospitali.

Wavulana wa klabu walikwenda kuzika. Sisi wasichana tulikaa matangani na mamake, tukalia naye, tukarudi.

Jumamosi ile ya pili, nikaita majina. Ulimi una mazoea yake. Nikamaliza "Edah", nikaita "Harith".



Nikajiuma ulimi. Kabla sijaomba radhi, neno likatokea kwenye skrini chini ya jina lake.

"Nipo."

Edah, msichana wa Mpeketoni, ndiye aliyesema kwanza. "Aki nani anacheza hivyo? Hiyo si poa kabisa."

Mwenyekiti wetu, Swafwan, akauliza, "Jamani, nani anayo akaunti ya Harith?"

Kamera ya Harith ilikuwa imezimwa, pale kuna herufi H tu kwenye duara. Edah akatoka mkutanoni. Mwingine akatoka. Mimi nilibaki kwa sababu miguu ilikuwa imekufa ganzi, msinipe sifa za ushujaa.

Wiki iliyofuata akaja tena. Na iliyofuata.

Kuliondoa jina lake nani angethubutu? Nikawa naliita kwa sauti ya chini, huku nikisoma Ayatul Kursi moyoni. Kila nikiita, jibu linakuja. Kazi za nyumbani zikawa zinaletwa kwa jina lake, tena kwa wakati, tena zenye alama nzuri.

Jumamosi moja, sijui kwa bahati mbaya au vipi, maikrofoni yake ikafunguka.

Tulisikia mtu anahema.

Pumzi nzito, za kukatika, kama mtu aliyebanwa kifua. Kisha ikazimwa. Nasema mtu aliyekufa kwa pumu, jamani! Nililala chumbani kwa mama wiki nzima, na mimi mtu mzima.

Madi, ambaye kwake kila kitu kina maelezo, alisema, "Kuna mtu ameiba nenosiri. Basi."

Wengine wakasema tumsomee khitma. Tukasoma, tukala na halwa. Jumamosi akaja kama kawaida, tena mapema.

Mwezi wa Machi tukafanya mahojiano ya majaribio. Swafwan alijifanya bosi, anamuuliza kila mtu swali. Alipofika kwa Harith akasita, kisha akajitia ujasiri.

"Harith. Miaka mitano ijayo unajiona wapi?"

Tukaona alama ya mtu anayeandika. Inatokea, inapotea, inatokea.

"Nyumbani, binti yangu anasoma."

Harith hakuacha mtoto. Alikufa bwana harusi.

Nikaipiga picha ile skrini kwa simu, sijui hata kwa nini, na Swafwan akaufunga mkutano bila dua.

Mwezi wa Julai alama za mwaka zikatoka. Wa tano alikuwa Harith. Wa sita alikuwa mimi.

Najua mnachofikiri. Mtu gani anapitwa na marehemu? Ndiye mimi. Chekeni mumalize.

Swafwan akanipigia. "Zamzam, nitaifuta ile akaunti Jumapili. Wewe utapanda, utaingia usaili. Lakini roho yangu haijatulia. Nenda Siyu. Wewe mwanamke, utaingia hadi ndani. Ujue nani aishikaye."

Nilikwenda, na niwe mkweli, sikwenda kwa ajili ya Harith. Nilikwenda kumkamata mwizi aliyekaa kwenye kiti changu.

Nikashuka boti Mtangawanda, nikapanda pikipiki hadi Siyu, vumbi limenijaa hadi masikioni. Mamake Harith, Bi Barka, alinikaribisha mlangoni kwa lahaja ya kwao.

"Ndoo ndani, mwanangu, yua kali. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, Bi Barka. Poleni tena."

Tukakaa. Nikanywa maji. Nikauliza kwa adabu zote nilizofunzwa kama kompyuta ya marehemu ipo.

"Iko kwa mkewe, Nadra. Yu chumbani, yu edani."

Nikatikisa kichwa, kisha nikahisi kitu hakikai sawa. Eda ya mjane, muda wake wa kukaa ndani, ni miezi minne na siku kumi. Harith alikufa Januari, na sasa ni Julai.

"Bi Barka, hata yeo? Eda haiyaisha?"

Akanitazama. Kicheko kidogo kikapita mdomoni mwake, na macho yake yakajaa maji.

"Eda yake yangoja kujifungua, mwanangu."

Mjane mwenye mimba, eda yake haiishi ila kwa kuzaa. Kila mtoto wa madrasa anajua hilo. "Binti yangu anasoma." Nywele zikanisimama.

Bi Barka akanipeleka ndani.

Nadra alikuwa amekaa mkekani na tumbo lake, kompyuta ya Harith mbele yake, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Nasema nilivyomkumbuka, lakini kweli sikumkumbuka. Siku ya harusi nilimwona mapambo tu.

"Wewe ni dada Zamzam," akasema kabla sijajitaja. "Naiyua sauti yako."

Nikamuuliza moja kwa moja, kama nilivyo. "Ni wewe?"

"Ni mimi."

Akanieleza. Baada ya harusi, Harith alimpa upande mmoja wa visikizi kila Jumamosi, wakawa wanasikiliza mkutano pamoja. Nadra alikuwa amemaliza kidato cha nne na hakupata njia ya kuendelea. Harith alimwambia, mwaka huu tutasoma wawili. Walisoma Jumamosi chache tu.

"Mbona hukutwambia?" nikamuuliza. Ukali wangu wote nilikuwa bado nao. "Watu wamepagawa! Edah alitaka kuacha chuo!"

"Mngenitoa. Mimi si mwanafunzi wenu."

"Na zile pumzi?"

Akainamisha kichwa. "Siku ile nalikuwa nalia. Nalijiziba mdomo, nikagusa pasipofaa."

"Lakini kuitikia jina la maiti, Nadra! Kwa nini?"

Akajifuta uso kwa pembe ya kanga.

"Humu nyumbani wote wamwita marehemu. Jirani, imamu, hata mamake. Ni wewe peke yako uliyemwita Harith. Sikuweza kuliwata jina lake likaanguka hivihivi, bila mtu wa kuliitikia."

Ukali wangu uliishia hapo. Nililia, na sikuona haya.

Lakini usaili nao ulikuwa bado uko palepale. Nikamweleza yote: kwamba yeye ni wa tano, mimi wa sita, na Swafwan anafuta akaunti Jumapili.

"Basi nifuteni," akasema. "Nafasi ni yako. Mimi nimesoma, yatosha."

Mngekuwa nyinyi mngesemaje? Akilini nilimwona mama yangu jikoni peke yake. Nilikuwa karibu sana kusema ahsante.

Ili nisiseme lolote, nikageuza mazungumzo.

"Ila ulitutisha siku ya mahojiano. Ulijuaje ni binti?"

"Mahojiano gani?"

"Yale ya Machi. Swafwan alipouliza miaka mitano ijayo."

Akanitazama kama mtu asiyeelewa. Nikatoa simu, nikamwonyesha ile picha. Akasoma jibu, akasoma tarehe.

"Hii si mimi."

"Nadra."

"Wallahi si mimi. Jumamosi hii nalianguka asubuhi. Wakanipeka hospitali Faza, tukarudi Magharibi. Kompyuta ilikuwa ndani ya kasha, na ufunguo nalikuwa nao mimi. Muulize mama."

Bi Barka, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema, "Ni kweli. Nami nalikuwa naye. Ndiyo siku daktari alipotwambia ana mimba. Kabla ya hapo hatukuyua, wala yeye mwenyewe."

"Na binti?" nikauliza. "Mmepima?"

"Hatuyapima," Nadra akasema. "Hata yeo siyui ni mke au mume."

Nilitaka kutoka mbio hadi Mtangawanda bila viatu.

Nadra hakuogopa. Hilo ndilo lisilonitoka. Aliishika simu yangu kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na uso.

"Nisomee, dada. Kwa sauti."

Nikasoma. "Nyumbani, binti yangu anasoma."

"Kumbe ayua," akasema. Akacheka na kulia kwa pamoja, mkono juu ya tumbo. "Nalilia kila siku kwamba amekufa hayui. Kumbe ayua."

Nikatoka nje, nikatafuta mahali penye mtandao, nikampigia Swafwan.

"Usifute," nikamwambia.

"Umemjua ni nani?"

"Nusu yake nimemjua. Nusu nyingine usiniulize kwenye simu."

Nikamweleza kuhusu Nadra. Akasema, "Lakini Zamzam, basi wewe huingii." Nikamwambia najua, hesabu nilisoma. Kisha nikakata simu, nikakaa kwenye jiwe, nikalia kwa ajili yangu mwenyewe sasa.

Swafwan aliiandikia kampuni ukweli, ile nusu tunayoweza kuieleza. Wakajibu kwamba wao wanamtaka aliyefanya kazi, na aje kwa jina lake. Imamu akaulizwa kama mjane aliye edani anaweza kufanyiwa usaili. Akasema kusema na watu kwa haja ya riziki hakuna ubaya, maadamu yuko nyumbani na stara yake.

Nadra akafanyiwa usaili chumbani, Bi Barka kakaa pembeni na tasbihi. Akapita.

Oktoba akajifungua binti. Wamemwita Aaliya.

Madi mpaka leo anasema ni mchezo wa mtu aliyejua nenosiri. Sawa, Madi. Huyo mtu alijuaje kuwa ni binti kabla hajazaliwa? Hapo husema mtandao wa Siyu una matatizo.

Mimi haya nayaandikia Mombasa. Nilifunga begi Desemba. Mama yuko Langoni na shangazi, kila jioni ananipigia kuniuliza kama nimekula. Kuna siku najuta, sitawadanganya. Halafu Nadra hunitumia picha ya mtoto amelala kando ya kompyuta, na majuto yanapungua.

Nililojifunza ni hili. Sisi tulimlilia Harith, tukamsomea, tukala halwa yake, kisha tukakaa miezi tukimwogopa. Tuliwaza jini, mwizi, mzimu. Katika watu wote wa klabu ile yenye akili, hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba Harith ana mke.

Ukienda matangani, ukishampa pole aliyekaa ukumbini, usiondoke. Uliza mjane yuko chumba gani. Ingia, kaa naye, muulize jina lake.