Nilichora Ukurasa wa Kwanza Tu, Dada Akarudi Nyumbani Mikono Mitupu

Kosa langu la kwanza lilikuwa kusema kumi wakati nilikuwa na mmoja.

Dada yangu aliniuliza nimefika ukurasa wa ngapi, nikamwambia wa kumi. Hakunihimiza wala hakukasirika. Aliuliza tu huku akinimiminia chai, nami nikaona haya kusema ukweli. Baada ya hapo kila Ijumaa ilibidi niongeze.

Ngoja nieleze tangu mwanzo.

Tulipokuwa wadogo Mombasa, tulikuwa tukienda kwa jirani kutazama tamthilia ya Mwanaradi. Mchana anauza mahamri. Mvua ikinyesha anadaka radi kwa mikono yake na kuruka juu ya mapaa kupambana na wezi wa ardhi. Sehemu ya mwisho, mvua ilikatika ghafla, nguvu zikamwishia, akaanguka kutoka juu ya ghorofa. Hapo hapo pakaandikwa "Itaendelea". Haikuendelea. Kituo kiliacha kukionyesha kipindi, na Mwanaradi akabaki hewani.

Tulikua, tukaja Dubai, kwanza yeye, kisha mimi. Mimi ni mlinzi kwenye jengo la ofisi, Jumeirah Lake Towers. Dada alifanya kazi za ndani Mirdif na alikuwa akitoka Ijumaa. Kuchora nimejifunza mwenyewe, kwa video za simu na tableti ya mkono wa pili. Tukakubaliana tutengeneze kitabu cha katuni, tuendeleze kipindi pale kilipoachwa. Yeye atunge, mimi nichore.

Alinitumia hadithi kwa ujumbe wa sauti akiwa anapiga pasi. Ulikuwa unasikia mvuke, kisha sauti yake: "Sasa hapo usimpe mbawa, mdogo wangu. Mwache aanguke. Wanawake wa sokoni wanafungua leso zao za kiunoni, wanazifunga pamoja, wanamdaka. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Tatizo lilikuwa mkono wangu. Ukijifunza mwenyewe, mkono unabadilika kila wiki. Nikifika ukurasa wa nne, ule wa kwanza unaonekana umechorwa na mtoto. Narudi kuurekebisha, na zile za katikati nazifuta. Nikimaliza kuurekebisha nimejifunza jambo jipya, kwa hiyo narudi tena. Sikuwa mvivu. Kila nilipotoka zamu nilichora.

Ukurasa wa kwanza ni Mwanaradi akikaanga mahamri. Mwenzangu wa chumbani, Mganda, alikuwa akipita nyuma yangu anachungulia: "Ndugu yangu, hayo mahamri bado tu hayajaiva? Watu wana njaa."

Nilicheka naye. Nilikuwa na wasiwasi wa vidole vya Mwanaradi.

Kuna jambo sijalisema. Dada alikuwa na binti aliyemwacha kwa mama yetu tangu hajajua kuongea vizuri. Mtoto alimjua mama yake kwa simu tu. Ukimwambia salimia mama, anasalimia, kisha anakimbia kucheza. Lakini Mwanaradi alimpenda. Kila Ijumaa dada alimpigia nikiwa nimekaa pembeni, akamsimulia kipande, kisha akamwambia, "Mjomba wako keshafika kumi na tano. Mama akirudi anakuja na kitabu chako." Na mtoto hakukimbia.

Nilisikia yote hayo. Niliendelea kunywa chai.

Mkataba wake ukaisha. Ijumaa ya mwisho alikuja chumbani kwetu amefurahi. "Yalla, lete kitabu tukakichapishe."

"Bado kidogo. Mikono haijakaa vizuri."

"Mikono ya nani?"

"Ya Mwanaradi."

"We kijana, ana mikono miwili, inatosha. Lete hapa."

Akaichukua tableti mwenyewe. Akapitisha kidole. Mahamri. Akapitisha tena. Mahamri, karai limesogea kidogo. Akapitisha tena.

"Kurasa nyingine umeziweka wapi?"

Nikaanza kukunja shuka la kitanda.

"Nakuuliza wewe."

"Hakuna, dada."

Hakupiga kelele. Alifuta alama za vidole vyake kwenye kioo kwa ncha ya mtandio, akanirudishia. "Mwanangu nitamwambia nini?" Akachukua mkoba wake. "Haya. Khalas, basi."

Uwanja wa ndege nilimbebea begi. Tuliongea kuhusu uzito wa mizigo.

Mama ndiye aliyenieleza yaliyotokea kule. Mtoto alimwangalia mama yake mikononi, kisha akaangalia mkoba. Akauliza, "Kitabu kiko wapi?" Alipoambiwa hakipo, akajificha nyuma ya bibi yake. Kwa siku kadhaa alimwita mama yake anti.

Sikulia. Ningependa niseme nililia. Niliingia zamu, nikawafungulia watu mlango, nikawasalimia. Nilikuwa kama mtu aliyekaa kwenye kiyoyozi mpaka hasikii tena baridi. Bado niko hivyo.

Wewe unayesoma, kama kuna mtu anayesubiri kazi yako, mwonyeshe ikiwa na mikono yake mibaya. Hasubiri vidole. Na ukiulizwa umefika wapi, taja pale ulipofika.

Dada hanitumii tena hadithi. Nilimwomba radhi, akasema yameisha, na kweli hayaongelei.

Siku hizi namaliza ukurasa mmoja kila wiki na kuutuma Ijumaa, ulivyo. Yeye anaufungua, hajibu. Mara moja tu nilipata sauti ya mtoto: "Mjomba, huu mguu mbona kama mkate wa mofa?" Nyuma yake nikasikia mtu anacheka, kisha ikakatika.

Wiki iliyopita wanawake wa sokoni walifungua leso zao. Mwanaradi ametua. Mguu bado ni mkate wa mofa, duara tupu, na sijaufuta.