Dakika Nne za Jenerali Mashimba

Ukifika Kisesa ukauliza banda la video la Lukman, hata wasiopenda filamu watakuonyesha. Ukuta wake wa mbele umeandikwa kwa rangi nyekundu: HAPA HATUTII CHUMVI. Maneno hayo aliyaandika kwa mkono wake mwenyewe, na kwa miaka kumi na minane ametembea kifua mbele kwa ajili yake.

Kazi ya Lukman ni kutafsiri filamu kwa mdomo. Picha inacheza ukutani, watu wa kwenye filamu wanasema Kiingereza chao, naye amekaa pembeni na kipaza sauti akiwasemea wote, mfalme na mtumwa, bibi na mjukuu, hata roboti. Mjini Mwanza wapo wenzake ambao mtu akifa kwenye filamu wao wanaingiza utani wa Simba na Yanga. Lukman anawadharau na wala hafichi. Yeye kila filamu huiangalia mara tatu kabla ya kuionyesha. Mara ya kwanza kwa masikio, kamusi ikiwa mapajani. Mara ya pili kwa macho. Mara ya tatu kwa mdomo, akinong'ona peke yake mpaka mama yake, Bibi Mboni, amuulize dirishani kama ana homa.

Bibi Mboni huuza karanga mlangoni pa banda. Ndani hajawahi kuingia. Anasema watu wanaoruka angani wanampa kizunguzungu, ingawa masikio yake, ya mama wa miaka sabini na kitu, hayakosi hata neno moja la kipaza sauti.

Filamu zilizompa Lukman jina zilikuwa tatu, za vita vya angani, na Kisesa nzima iliziita Nyota Tatu. Ndani yake kuna jenerali mwenye mkono mmoja, katili, mchoma miji. Jina lake la Kiingereza lilikuwa refu la kukatisha tamaa, Lukman akamwita Mashimba, akabaki Mashimba. Katika filamu ya pili jenerali huyo anasimama dirishani mwa chombo chake, anaitazama sayari kavu, na kwa dakika nne nzima hasemi kitu. Ni muziki tu.

Sasa dakika nne bila sauti, kwenye banda la kutafsiri, ni msiba. Siku ile ya kwanza watu walianza kukohoa, kisha mmoja akapaza sauti, "Spika imekufa!" Lukman alikuwa na miaka ishirini na minane na bado mgeni wa kazi. Woga ukamshika, akafungua mdomo.

"Kule chini," akasema, "ndiko alikozaliwa Mashimba. Mvua ilikata miaka mitatu, ng'ombe wakaisha, baba yake akafa. Mama akamshika mkono, wakatembea siku sita kulitafuta ziwa. Nyumba ya kwanza waliyoifikia wakaomba maji. Wenye nyumba wakafunga mlango."

Kukohoa kukakoma. Watu waliamini anasoma maandishi yaliyokuja pamoja na filamu, naye hakuwasahihisha. Kesho yake akayarudia maneno yale yale, na keshokutwa, hadi yakawa ya filamu. Odeta, muuza dagaa wa sokoni, alikuwa akiacha biashara yake aje kwa dakika hizo nne tu, alie, afute macho, arudi kwenye mizani. Ngosha, dereva wa bodaboda kutoka Usagara, alichora uso wa Mashimba kwenye tangi la pikipiki yake.

Mwaka huu zikaja filamu mpya za Nyota Tatu, zinazorudi nyuma kueleza utoto wa jenerali. Ngosha alizitangaza kuanzia Usagara mpaka Magu bila kutumwa na mtu. Lukman alijifungia kuiangalia ya kwanza, kamusi mapajani, na kabla haijafika nusu kamusi ilikuwa imeanguka chini. Mashimba, kumbe, alikuwa mtoto wa ikulu. Alikulia kwenye marumaru, akila kwa vijiko vya dhahabu, na roho yake iliharibika kwa sababu alishindwa mashindano ya kuendesha vyombo vya angani. Ile sayari kavu? Baba yake alikuwa na nyumba ya mapumziko pale.

Lukman aliona aibu kama mtu aliyevuliwa shati sokoni. Akiitafsiri ilivyo, watu watajua kwamba miaka yote hii alikuwa anawatilia chumvi, na jina lake limekwisha. Akiipindisha, hakuna atakayegundua, lakini yeye atapita kila asubuhi mbele ya ule ukuta wake na kuusoma. Akaiangalia mara ya pili, akaiangalia mara ya tatu. Kisha akaamua kuisema ilivyo.

Jumamosi alasiri banda lilijaa mpaka watu wakakaa kwenye ndoo. Dakika ya kumi kukawa na minong'ono. Dakika ya ishirini, mtoto wa ikulu alipomtupia mtumishi sahani, Odeta akasimama.

"Huyu siyo Mashimba! Wametuwekea mtu mwingine!"

"Hata mkono wameuonyesha umekatika kwenye mashindano!" Ngosha akafoka. "Mashindano! Mashimba wetu? Hawa waliotengeneza hii hata hawakuziangalia zile za kwanza. Kaka Lukman, wewe ndiye uliyesoma yale maandishi. Waambie watu kwamba hawa wamekosea!"

Njia ya kutokea ilikuwa imefunguliwa wazi, na Ngosha mwenyewe ndiye aliyeifungua. Ilitosha Lukman kusema ndiyo. Badala yake alisimamisha picha, akafungua dirisha mwanga ukaingia, akaweka kipaza sauti mezani.

"Hawajakosea," alisema. "Maandishi hayakuwepo. Zile dakika nne jenerali hasemi kitu. Maneno yale niliyasema mimi, kwa sababu niliogopa kimya."

Ngosha alimtazama kama anamwona kwa mara ya kwanza.

"Miaka kumi na minane, kaka? Na ule ukuta?"

"Nitaufuta."

Watu watatu wakainuka wakatoka, mmoja akisema kwa sauti ya kusikika kwamba afadhali angekwenda kwa wale wa utani. Lukman hakuwazuia. Iliuma, tena sana, lakini mgongo wake ulikuwa umenyooka. Ndipo Odeta, ambaye bado alikuwa amesimama, akauliza taratibu, "Mdogo wangu, mimi nimelia miaka yote hiyo. Nimemlilia nani?"

Lukman akajibu, "Mama yangu. Walitoka Meatu na bibi yangu, mwaka wa njaa, yeye akiwa mtoto. Alinihadithia mara moja tu, nikiwa mdogo. Sikuitunga. Niliiba."

Vichwa vyote vikageuka mlangoni. Bibi Mboni alikuwa ameinuka kwenye kigoda chake. Akakung'uta maganda ya karanga kwenye kanga, na kwa mara ya kwanza tangu banda lijengwe, akaingia.

"Shikamoo, bibi," Ngosha akasema, akimpisha kwenye benchi.

"Marahaba." Hakukaa. "Nilijua tangu siku ya kwanza, Lukman. Nilikuwa nakusubiri useme ni ya nani."

"Nisamehe, mama."

"Nikusamehe nini? Umeisimulia vizuri. Ila hukuimaliza. Mimi nilikuhadithia usiku, nadhani usingizi ulikuchukua katikati. Mlango wa kwanza walifunga, ni kweli. Tukaenda wa pili. Hapa hapa Kisesa, karibu na kisima cha zamani. Yule mama hakutuuliza tumetoka wapi. Alitupa maji, akatupa uji, akamwonyesha mama yangu mahali pa kulala. Ndiyo maana tuko hapa mpaka leo."

Akautazama ukuta, pale uso wa mtoto wa ikulu ulipokuwa umegandishwa mdomo wazi.

"Huyo jenerali wenu angepata mlango wa pili," akasema, "asingechoma mji wa mtu."

Odeta alikuwa tayari analia. Ngosha akavua kofia, akaikunjakunja mikononi, kisha akamwambia Lukman azime hiyo filamu ya marumaru na aweke ile ya zamani, kwenye dirisha la chombo.

Lukman akaiweka. Muziki ukaanza, jenerali akasimama, sayari kavu ikajaa ukutani. Lukman alikishika kipaza sauti kwa furaha ambayo hakuwahi kuisikia katika kazi yake yote, akakinyoosha mbele.

"Mama," akasema, "njoo utafsiri."